Hesabu mwaka kwa pepo: kujijengea mali Lamu kwa kipato kidogo

Hapa Amu, yaani Lamu, neno "tajiri" lina maana mbili. Ya kwanza ni ile ya kila mahali: mtu mwenye mali. Ya pili utaijua ukikaa na wavuvi. Tajiri ni yule anayekupa nyavu, mashine ya boti, barafu na pesa ya unga kabla hujaingia baharini, nawe ukirudi samaki ni wake, kwa bei anayoitaja yeye. Mvuvi husema "tajiri wangu" kama mwanafunzi anavyosema "mwalimu wangu", bila chuki wala mapenzi.

Mimi si tajiri kwa maana yoyote kati ya hizo mbili. Nauza mahamri na kaimati Langoni, mume wangu ni mvuvi, na kwa miaka 17 nimeshika daftari la mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, wa akina mama wa mtaani kwetu. Katika daftari hilo nimemwona mtu wa kipato kikubwa akikopa kila mwezi, na nimemwona mama msusi wa mikeka akimaliza nyumba ya mawe, chumba kwa chumba, bila mtu kujua pesa anazitoa wapi.

Juzi kijana mmoja wa boti, mtoto wa jirani, alinijia na shilingi 40,000 za msimu. "Shangazi," akaniambia, "nizifanyeje hizi zisipotee?" Nilimjibu kwa siku kadhaa, barazani, kila baada ya Alasiri. Nimeyapanga hapa kwa utaratibu zaidi kidogo kuliko nilivyoyasema.

1. Jibu kwanza: mali unaitaka ya nini?

Watu wengi hulivuka swali hili kwa sababu wanaona jibu linajulikana. Ukiwauliza watasema "maisha mazuri". Maisha mazuri huwezi kuyawekea akiba, kwa sababu hayana bei.

Yule kijana alisema anataka mashine yake mwenyewe. Nikamuuliza ya nini. Ili asiendeshe boti ya mtu. Kwa nini? Akakaa kimya, kisha akanieleza kwamba mwaka 2020, watalii walipokatika kwa ajili ya korona, mwenye boti alimpigia simu akamwambia maneno matatu: "Usije kesho tena." Basi. Hapo ndipo nilipojua anataka nini. Mashine ni njia tu. Anachokitaka ni kutoweza tena kuambiwa maneno yale.

Nimezisikia sababu nyingine nyingi. Mama anayetaka bintiye aolewe bila yeye kupita nyumba kwa nyumba akiomba mchango. Mzee anayetaka kwenda Hija kabla magoti hayajachoka. Mwanamke anayetaka chumba chake juu ya nyumba ya wazazi, "nikiachwa nisiwe mgeni". Gari wachache wanalitaja, na hata ukilinunua utalipitisha wapi kwenye vichochoro hivi? Na ipo ile sababu ya kuonekana, tusijidanganye. Wazee wetu walijenga vidaka kwenye kuta za ndani, safu juu ya safu, wakapanga sahani na bakuli za Kichina ili mgeni aone. Kutaka kuonekana hakukuanza na simu. Tofauti ni kwamba zile sahani zilinunuliwa baada ya jahazi kurudi.

Andika sababu yako moja kwenye karatasi, kisha ipe tarakimu na muda. Kwa mfano, kwa kusi, ile miezi ya upepo mkali ambapo kipato hushuka: "Kupitisha kusi bila kukopa. Kila mwezi hupungua 6,000, miezi 6, jumla 36,000." Ukishindwa kuipa tarakimu, rudi ujiulize tena, hujaipata bado.

2. Fungua daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule, chora safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Andika usiku kabla ya kulala, hata kama ni shilingi 20 za kashata. Usijihukumu wiki za mwanzo wala usibadilishe chochote, andika tu. Baada ya mwezi mmoja chukua kalamu ya rangi uzungushie vitu vilivyojirudia. Kwa wengi ninaowajua ni soda, bando za simu, mirungi, na vile vijimkopo vya usiku vya simu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe hulioni linavyoisha kwa sababu kila kipande ni kidogo.

Ukifanya biashara, weka madaftari mawili. La pili ni la biashara peke yake. Mimi nilikaa miaka mitatu nikidhani mahamri yananipa faida, kumbe unga wa nyumbani na unga wa biashara ulikuwa gunia moja.

3. Usihesabu kwa mwezi, hesabu kwa pepo

Ushauri mwingi wa pesa unaotufikia umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. "Kila mwisho wa mwezi weka asilimia kumi." Mwezi upi? Februari bahari ni shwari, mume wangu analeta changu na kamba, na kule Shela wageni wamejaa. Juni kusi inavuma, dau linakaa ufuoni siku nne katika wiki, na wageni utawahesabu kwa vidole. Mtu wa hapa ukimwambia atenge kiasi kilekile kila mwezi, Mei atashindwa, kisha atajiona hana nidhamu, kisha ataacha kabisa. Kalenda ndiyo iliyomkosea.

Kwa hiyo fanya hivi. Gawa mwaka mara mbili: miezi ya kaskazi, Novemba hadi Aprili, na miezi ya kusi, Mei hadi Oktoba. Najua nahodha atanirekebisha, kuna maleleji, kipindi cha pepo kugeuka, katikati na kusi huanza kabla ya Mei. Kwa ajili ya hesabu ya nyumba, sita kwa sita inatosha. Tafuta kipato chako cha wastani kwa kila nusu.

Tuchukue familia moja ya mfano. Kaskazi huingia 30,000 kwa mwezi, kusi 12,000. Mwaka mzima: 180,000 na 72,000, jumla 252,000. Ukigawa kwa 12 unapata 21,000. Hicho ndicho kipato chako halisi cha mwezi, hata kama hakuna mwezi hata mmoja ulioleta pesa hiyo. Sasa jilipe mshahara ulio chini yake: 18,000 kila mwezi, kaskazi na kusi, bila kuzidisha. Kaskazi utabakisha 12,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa nusu mwaka. Kusi utachota 6,000 kila mwezi kujazia mshahara, yaani 36,000. Zinabaki 36,000.

Hizo 36,000 ndizo mali. Zile zilizotangulia zilikuwa ni kujizuia usirudi nyuma. Ndani ya miaka 5 ni 180,000 hata kama hazijazaa senti, na huo ni mtaji wa kuitwa mtaji.

Ugumu hauko kwenye hesabu. Uko Januari, pale mfuko unapokuwa na 30,000 na mtoto anaona, mke anaona, rafiki wa barazani anaona, nawe unasema "mshahara wangu ni 18,000". Utaitwa bahili. Mume wangu aliitwa hivyo misimu miwili. Msimu wa tatu, katikati ya Julai, waliokuwa wakimwita ndio waliokuja kukopa, na mmoja wao alitaka akopeshwe bila mkewe kujua.

Weka pia kalenda ya Kiislamu pembeni ya hiyo nyingine. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Miaka hii inaangukia kaskazi, na hiyo ni rehema, kwa kuwa gharama za futari na nguo za Idd zinakuja wakati pesa ipo. Lakini mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba, na Januari ndiyo ya karo. Mwenye watoto wa sekondari aanze kuliandikia hilo ukurasa wake mapema.

4. Jitoe kwenye deni la tajiri, taratibu

Deni la tajiri halina riba kwa jina, ndiyo maana watu hulikubali kwa moyo mweupe. Gharama yake imejificha kwenye mizani. Fanya hesabu hii ya mfano. Umekopeshwa nyavu za 60,000. Soko linanunua samaki 320 kwa kilo, tajiri anakupa 250. Tofauti ni 70. Ukivua kilo 15 kwa siku, siku 20 za mwezi, ni kilo 300. Mara 70 ni 21,000. Kwa miezi mitatu umeshalipa 63,000 kwa kupunjwa bei, na deni la 60,000 bado liko palepale halijaguswa.

Nisiwaseme vibaya matajiri wote. Tajiri wa mume wangu alitutumia mchele kusi mbili mfululizo, na baba mkwe alipofariki yeye ndiye aliyelipa boti ya kuleta maiti. Zile nyavu zikizama, hasara ni yake. Baada ya mwaka 2014, uvuvi wa usiku ulipozuiliwa kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, kuna nyumba zilizokula kwa mkono wa tajiri peke yake. Kwa hiyo usimtoroke. Ukimtoroka utarudi, na utarudi kwa bei mbaya zaidi.

Njia iliyotufaa ilikuwa hii. Kwanza, mume wangu alimwomba tajiri waketi waandike deni lote kwenye karatasi moja, kwa sababu lilikuwa vichwani tu na kila kichwa kilikuwa na tarakimu yake. Pili, waliafikiana kwamba kila siku ya kaskazi sehemu ya samaki inakatwa kwenye deni kwa bei ya soko la siku hiyo, iliyosalia inabaki kwa bei ya tajiri. Tatu, nyavu zilizofuata tulizinunua sisi, vipande viwili viwili, kwa ile pesa ya kujizuia. Ilichukua misimu mitatu ya kaskazi. Hadi leo bado anamuuzia yule yule tajiri, ila sasa anauliza bei kwanza.

Madeni mengine nayapita haraka. Fuliza, ule mkopo wa simu, ina ada ya kila siku, kwa hiyo ilipe kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa unaifungua kila wiki, hiyo imekuwa sehemu ya mshahara wako na inaukata. Deni la duka lilipe kabla ya kusi, maana kusi ndipo utakapomhitaji mwenye duka. Na usikope kwa kutegemea pesa ambayo haijafika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya ujenzi wa bandari. Haki yao kabisa. Lakini ilichukua miaka pesa kuanza kuonekana, na wapo waliokuwa wamekwisha kuzila kwa mkopo wiki ya hukumu.

5. Pa kuziweka

Pesa ya kusi iwe mbali na mkono lakini karibu na mguu: uweze kuifikia kwa siku moja au mbili, usiweze kuifikia kwa kulala ukibonyeza simu. Akaunti ya benki isiyounganishwa na simu inafaa. Benki ikifilisika, shirika la serikali la bima ya amana linakulipa hadi shilingi 500,000, na wengi wetu hatufiki huko. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa miezi, hakifai kwa miaka. Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa asilimia 5. Ukiwa hivyo kila mwaka, vitu hupanda mara mbili kwa miaka kama 14, na noti za kibubuni hazijui.

Mchezo nitausemea kidogo kwa kuwa ndio kazi yangu. Tuko 20, kila mmoja 500 kwa wiki, zamu ni 10,000. Mchezo hauongezi hata shilingi. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, anayepokea wa mwisho amewakopesha. Faida yake ni kwamba 500 usingeweza kuzilinda mwenyewe kwa wiki 20, na aibu ya kukosa mbele ya wenzio inakulinda. Kanuni zetu ni chache. Mgeni hapokei kati ya zamu tano za kwanza. Zamu hupangwa kwa kusikiliza shida na si kwa kura peke yake. Pesa hazilali nyumbani kwangu hata usiku mmoja. Zinakabidhiwa palepale, zinahesabiwa na watu wawili, mpokeaji anatia sahihi. Kikundi ambacho mweka hazina anakasirika akiombwa daftari, toka.

Sako, chama cha akiba na mikopo, ni hatua inayofuata. Unaweka akiba kila mwezi, na kwa kawaida unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Zile zinazopokea amana za watu husimamiwa na SASRA, mamlaka ya serikali ya sako. Uliza leseni ya mwaka huu kabla hujatoa pesa. Na jihadhari na kudhamini. Ukitia sahihi kumdhamini mtu, akiba yako ndiyo rehani, hata kama alikuja na halua.

Kuhusu riba, kila mtu na nafsi yake, lakini kwetu ni jambo zito, kwa hiyo nalisema wazi. Benki za Kiislamu zilianza kazi Kenya mwaka 2008, na zina akaunti za kugawana faida badala ya kulipa riba. Jirani yangu wa Mpeketoni, Mkristo, ameweka kwenye hatifungani za serikali. Sasa zinanunuliwa kwa simu kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD ("dhow" ni jahazi kwa Kiingereza), kuanzia shilingi 50,000. Huwa nacheka kwamba jahazi limepewa jina Nairobi na sisi wenye majahazi hatulipandi.

6. Dhahabu, na jinsi nilivyochomeka

Mwanamke wa hapa akipata pesa mawazo ya kwanza ni bangili. Nami nilikuwa hivyo. Idd moja nilinunua bangili mbili za karati 22, zimechongwa maua madogo mazuri mno. Kusi ile ile mtoto akaugua, nikazirudisha kwa sonara yule yule. Akazipima, akanilipa uzito peke yake, tena kwa bei ya kununulia. Maua hayakuwa na thamani yoyote. Ujira wa ufundi nilioulipa ulikuwa umeyeyuka, na risiti yangu haikuandikwa uzito, kwa hiyo hata kubishana sikuweza.

Sijaacha kununua dhahabu. Mwaka 2005 wakia moja duniani haikufika dola 600; Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Lakini kati ya 2011 na 2015 ilishuka kutoka kama dola 1,900 hadi karibu 1,050, na aliyelazimika kuuza wakati huo alilia. Kwa hiyo nunua bangili laini zisizo na nakshi, dai risiti yenye gramu na karati, na usinunue mpaka pesa ya kusi imekamilika. Dhahabu ni ya miaka kumi, haijui habari ya homa ya usiku.

7. Nunua kitu kinachofanya kazi

Hapa ndipo ile 36,000 inapoanza kujizidisha. Kitu kinachofanya kazi ni kile ambacho ukilala nacho hakilali, au kinachofanya saa yako moja iwe na thamani ya saa tatu. Cherehani. Punda, kwa kuwa mawe, mchanga na saruji haviingii mitaani kwetu kwa njia nyingine. Sehemu ya mashine ya boti. Friza.

Hesabu ya friza nimeifanya mara nyingi kwa wenzangu, hii hapa. Tuseme imenunuliwa 45,000. Unauza barafu za ukwaju na maji baridi, zinaingia 600 kwa siku. Umeme 150, sukari, ukwaju na karatasi 180. Inabaki 270. Usizidishe kwa siku 30, maana kuna siku za mvua na siku umeme haupo. Zidisha kwa 22. Ni 5,940 kwa mwezi. Toa 600 kila mwezi za matengenezo, uziweke kando kweli kweli. Zinabaki 5,340. Friza inajilipa kwa miezi 8 na nusu hivi. Kisha uliza maswali mawili ambayo watu hawayapendi: kwenye kichochoro hiki kuna friza ngapi tayari? Na kusi, kukiwa na baridi, nani ananunua barafu?

Kitu chochote ambacho hakijilipi ndani ya miaka miwili, kwa mtu wa kipato chetu, kiache kwanza. Miaka miwili ni mbali. Katikati kuna harusi, ugonjwa, na uchaguzi.

Mkichanga kununua, andikeni. Nani ametoa kiasi gani, faida inagawanywa vipi, mashine ikiharibika nani analipa, mmoja akitaka kutoka analipwa kwa thamani ipi. Ndugu hushindwa kuandikiana kwa kuona haya. Nimewaona ndugu wa tumbo moja hawazungumzi kwa sababu ya mashine ambayo hata haiwaki tena.

8. Ardhi

Kiwanja ni ndoto ya kila mtu, na tangu gati ya kwanza ya bandari ilipofunguliwa mwaka 2021 madalali wamezidi wapiga kasia. Sina mengi: nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukaangalie rekodi, usipokee nakala ya mkononi, uliza majirani wa kiwanja, wazee wao hasa, hakikisha si wakfu wala si mirathi ambayo haijagawanywa. Hati peke yake haitoshi. Mwaka 2014 serikali iliamuru kufutwa kwa hati za ekari kama 500,000 za kaunti hii zilizogawiwa kampuni 22. Ikiwa hata za kampuni zenye mawakili ziliamriwa zifutwe, hati ya dalali wa ufuoni haina kinga kubwa zaidi.

Kwa wengi wetu kujenga juu ya nyumba ya familia ni nafuu kuliko kununua kiwanja. Andikianeni na ndugu kwanza. Na ukiwa ndani ya mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, pata kibali kabla ya kupandisha tofali.

9. Watu, Mungu na magonjwa

Mali ya hapa haiishi kwa kuibiwa. Inaisha kwa michango. Harusi ya siku kadhaa, matanga, karo ya mpwa, nauli ya binamu. Ukikataa vyote utabaki na pesa bila jamaa, na siku ya kusi mbaya pesa hiyo haitakutosha. Ukikubali vyote hutakuwa na cha kutoa mwakani. Nimeweka fungu la jamaa ndani ya mshahara: 1,500 kila mwezi. Likiisha, nasema kweli: "Fungu la mwezi huu limekwisha, njoo mwezi mpya." Watu wamezoea.

Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu safi, ikikaa mwaka mzima wa Kiislamu. Boti ya kufanyia kazi haitolewi zaka, bidhaa za dukani zinatolewa. Mapambo ya kuvaa yana mjadala wake. Muulize shekhe wako, usiniulize mimi.

Na bima ya afya ya SHA, lipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na wasio na ajira ya mshahara hulipa ya mwaka kwa pamoja, kwa hiyo ilipe kaskazi. Nimeona friza, punda na bangili vikiuzwa kwa wiki moja kwa sababu ya upasuaji mmoja.

Zile 40,000 za kijana tulizigawa hivi: 12,000 kumaliza deni la duka na Fuliza, 18,000 akaunti ya kusi, 8,000 sako, 2,000 kwa mamake. Alikunja uso, hakuona mashine mahali popote. Siku ya tatu akarudi na daftari jipya limefungwa kwenye mfuko wa plastiki lisilowe botini. Alikuwa na swali moja: mirungi aiandike chini ya chakula au chini ya usafiri? Nikamwambia aiandike kwa jina lake.